Semina ya kila wiki: pale mhandisi na mganga wanapojifunza kuelewana

Wanafunzi wa masta na doktora katika uhandisi wa kibiolojia hutoka njia tofauti: mmoja alisomea mashine, mwingine chembe za mwili, wa tatu utabibu. Semina ya utafiti ya kila wiki ndiyo inayowakutanisha. Ikiendeshwa ovyo, inakuwa saa ya kusinzia.

Mchanganyiko huo ni wa tangu zamani. Mwaka 1966, Yuan-Cheng Fung, mtaalamu wa ndege, alianzisha masomo hayo katika Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, Marekani, pamoja na Benjamin Zweifach, mtaalamu wa mishipa midogo ya damu, na mhandisi Marcos Intaglietta. Ujuzi wa nguvu zinazopinda bawa la ndege ukahamia kwenye mishipa na mapafu.

Semina nzuri ina siku na saa isiyobadilika, na ratiba inayotolewa mwanzoni mwa muhula. Kila mwanafunzi ana zamu. Anaongea kama dakika 30, na muda unaobaki ni wa maswali. Wanafunzi huuliza kwanza. Profesa akitangulia, wadogo hunyamaza. Anayewasilisha huleta kazi ambayo haijaisha, pamoja na majaribio yaliyoshindwa. Kosa likionekana hapo, bado kuna muda wa kurekebisha. Likionekana siku ya kutetea kazi mbele ya majaji, miaka na pesa vimekwisha kwenda.

Wiki nyingine, kundi huchambua makala iliyochapishwa. Mfano ulio karibu na wakaaji wa Beni na Butembo ni jaribio la PALM la dawa 4 za Ebola, lililoanza Novemba 2018 na kuongozwa na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na NIH ya Marekani. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu 50% walikufa ndani ya siku 28. Kwa mAb114, iliyotokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikuwa 35%.

Hapo maswali yanaanza. Je, waliopewa ZMapp hawakuwa mahututi zaidi? Wagonjwa waligawanywa kwa kura, kwa hiyo makundi yanaweza kulinganishwa. Na waliofika wakiwa na virusi vingi? Hata kwa mAb114, karibu 70% yao walikufa. Kati ya waliokuwa na virusi vichache, ni kama 10% tu. Mwanafunzi anatambua kwamba dawa nzuri pekee haitoshi: mgonjwa lazima afike kituoni mapema.

Kazi hii haidai vifaa vya bei kali: chumba, ubao, na nakala za makala umeme unapokatika. Kinachohitajika zaidi ni mtu mmoja wa kushika ratiba. Semina ikiahirishwa mara mbili mfululizo, mara ya tatu viti hubaki vitupu.