Shangingi Halipiti Mkunazini

Mpwa wangu anayeishi Maskati aliniandikia mwezi mmoja kabla ya likizo yao: “Assalaam alaykum mjomba. Nitafutie gari la kukodi wiki 2. Land Cruiser, V8. Tupo watu 5 na tunataka kuizunguka Unguja yote.” Bei hakuuliza, wala barabara. Huko kwao shangingi ndilo gari la familia, na mtu anayepanda Jabal Akhdar au kukata mchanga wa Sharqiya ana haki ya kulitaka. Nilimjibu kwamba gari nitamtafutia, ila hilo hapana. Akadhani naihurumia mifuko yake.

Hebu tuanze na ramani. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na pale ilipo pana zaidi haifiki kilomita 40. Kilima chetu kirefu, Masingini, ni cha mita 120 tu. Kutoka mjini hadi Nungwi ni safari isiyofika kilomita 60. Kukodi injini ya silinda 8 kwa kisiwa cha namna hii ni kama kukodi meli ya mizigo kwenda Changuu. Nissan Leaf ya mwanzo, lile gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 24 ambalo wengi walilicheka kwa kuishiwa chaji njiani, lilipimwa Marekani likapewa kilomita 117 kwa chaji moja. Kwa hesabu hiyo hata hilo lingefika Nungwi na kurudi, kwa kubana.

Halafu kuna mji wenyewe. Nyumba yetu ya ukoo ipo Mkunazini, ndani hasa, pale ambapo watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja hujibana ukutani. Land Cruiser kubwa ina upana wa karibu mita 2 na urefu wa karibu mita 5. Vipo vichochoro ambavyo ingeingia kama kizibo kwenye chupa. Waliojenga Mji Mkongwe walikuwa wanapigana na jua, gari halikuwamo katika hesabu zao. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewa kupata joto, na uchochoro mwembamba hupata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu wa mchana. Hata vyumba vilipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba. Vespa inapita, baiskeli inapita, mkokoteni wa mchukuzi unapita. Gari, liwe kubwa au dogo, linabaki Darajani au kandokando ya mji, na mizigo inaingia kwa mabega. Basi kwa upande wa mjini swali la gari halipo kabisa. Swali lipo shamba.

Magharibi ya kisiwa kuna udongo mzito mwekundu tunaouita kinongo, wenye minazi na miembe. Ukipita Tunguu kuelekea mashariki na kusini, udongo unapungua, miti inakuwa mifupi, na mawe yanachomoza. Hiyo ndiyo nchi ya uwanda na maweni. Chini yake ni miamba ya matumbawe ya kale, iliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, kisha ikabaki nchi kavu maji yalipoteremka. Mvua inaposhuka hubeba hewa ya kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu sana. Asidi hiyo, karne baada ya karne, hulamba chokaa na kuacha vishimo, na kati ya kishimo na kishimo hubaki kingo kali kama kigae cha chupa. Mtoto yeyote wa Makunduchi anajua kwa nini huku hatembei pekupeku.

Barabara kubwa za Unguja ni za lami na nyingi ni nzuri. Shida ipo kwenye kipande cha mwisho, kutoka lami hadi nyumba ya kupanga pwani: kilomita moja au mbili za vumbi jeupe na meno ya mawe. Hapo tairi huchanika, na mara nyingi huchanika ubavuni. Sehemu inayokanyaga ardhi ina raba nene na mikanda ya nyuzi za chuma ndani yake. Ubavu una tabaka chache tu za nyuzi laini, kwa sababu lazima ujikunje kila gurudumu linapozunguka. Pancha ya chini fundi ataiziba kwa dakika 10. Ubavu ukichanika, tairi limekufa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kwamba kabla hajauliza gari ni la kampuni gani, ainame asome ubavu wa tairi. Mwisho wa herufi zinazoanza na DOT kuna tarakimu 4. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa imesimama: jua, joto na ozoni huikausha, na vijiufa vidogo hutokea mapema kuliko kipara. Ningekodi gari la zamani lenye matairi mapya kabla ya gari jipya lenye matairi ya miaka 9. Na spea ni tairi la tano, nayo isomwe.

Kinachofuata ni tumbo. Vitz ya kawaida ina nafasi ya sentimita 14 au 15 hivi kutoka ardhini, na ukishapakia watu 5 na masanduku inashuka zaidi. Suzuki Escudo ipo kwenye sentimita 19 au 20, na RAV4 za zamani hazipo mbali na hapo. Sentimita hizo 5 ndizo zinazotenganisha sampo na jiwe. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma nao una neno lake. Escudo ya milango 5 ina kama mita 2.5, Land Cruiser kubwa ina mita 2.85. Kadiri ekseli zinavyoachana ndivyo tumbo linavyokaribia kukaa juu ya tuta, na matuta hatukosi. Gari fupi juu ya tuta ni kama mbuzi juu ya jiwe.

Mchanga una hesabu yake, ambayo huwashangaza wengi. Gurudumu huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani ya tairi. Chukua gari la kilo 1,200: kila tairi hubeba kilo 300. Likiwa na upepo wa 30, eneo la tairi linalogusa ardhi ni sentimita za mraba 140 hivi. Punguza upepo hadi 15, eneo linakaribia 285, na mzigo ule ule sasa umetandazwa mara mbili. Ndiyo maana dereva mzoefu akinasa hukimbilia nozeli kabla ya mafuta. Akikanyaga mafuta anachimba kaburi. Ila ukishatoka kwenye mchanga rudisha upepo, maana tairi laini hutoa ubavu wake nje, na tumeshaona mawe yanaufanyia nini.

Wengine hufikiri mchanga wenyewe ni barabara, kwa sababu maji yanapotoka hubaki mkanda mgumu wa kupendeza. Ni kweli kwamba mchanga wenye unyevunyevu ni mgumu: utando mwembamba wa maji huzivuta punje zishikamane. Lakini maji yakijaa kati ya punje, mvuto huo hupotea na mchanga unakuwa uji. Huku, wakati wa bamvu, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na upande wa Paje na Jambiani maji yanarudi haraka kuliko mgeni anavyodhani. Tena pale pana kamba na vigingi vya mwani vya kina mama. Pwani tembea kwa miguu.

Sasa usukani. Oman wanaendesha kulia na usukani upo kushoto. Sisi, kama Bara, Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto, nao upo kulia. Mkono na jicho havihitaji kufikiri katika mambo yaliyozoeleka, na hapo ndipo hatari inapoingia. Katikati ya msongamano wa Darajani mgeni hakosei, kwa sababu anafuata waliomtangulia. Hukosea asubuhi, anapotoka peke yake kwenye uwanja wa hoteli na barabara ni tupu. Kuna na kichekesho: kwenye magari ya usukani wa kulia yaliyotengenezwa Japani, taa za ishara zipo mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto. Siku za mwanzo atawasha waipa kila anapotaka kukata kona, kweupe, jua kali, na barabara nzima itajua kaingia mgeni. Nilimshauri achukue gari la otomatiki, mkono wa kushoto usipewe darasa la pili la gia.

Jozani ndiko ninakomhofia zaidi. Barabara ya kusini inapita kwenye makazi ya kima punju, ambaye duniani kote anapatikana Zanzibar tu, na miti anayokula ipo pande zote mbili. Matuta yaliwekwa pale kwa ajili yake. Mwendo ukiwa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, gari hula mita 14 hivi kabla dereva hajakanyaga breki, na nyingine 14 kusimama. Kwa 80 ni mita 22 na 36. Jumla inatoka 28 hadi 58, na kima haruki nusu njia akasubiri.

Nimeiacha chumvi nyuma kwa sababu haionekani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na kusi likivuma mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba hurusha matone madogo mno yanayofika hadi kwenye vibaraza. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu na kuyeyuka hewa ikifika asilimia 75 ya unyevu, kiwango ambacho kwetu ni jambo la kila siku. Magnesi kloridi, iliyomo humo humo, hunyonya hata hewa ikiwa kavu zaidi. Kwa hiyo gari linaweza kuwa limelowa bila ya mvua. Chuma hutoa elektroni, oksijeni inazipokea, maji ya chumvi yanakuwa daraja kati yao, na kloridi hutoboa kila utando wa kinga. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huvimba na kuinua rangi. Wazee wa mtepe waliofunga mbao kwa kamba za nazi bila msumari walikuwa wamelikwepa tatizo hili lote.

Kuosha kunasaidia, kama maji ni baridi kweli. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvichumvi, na anayeoshea gari humo anaongeza kitoweo. Tena magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, ambako ukaguzi wa serikali, wa kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, huwafanya wenye magari wayauze mapema. Yaliyoishi mikoa ya theluji yalikwishapitia barabara zilizomwagiwa chumvi. Yanafika bandarini yakiwa na kutu ya zamani, tunayaongezea mpya.

Siku ya kuchagua tulikuta magari mawili. RAV4 iling'ara mpaka ukajiona usoni. Escudo ilikuwa na rangi iliyofifia na bampa lenye mkwaruzo. Mpwa wangu alikwenda moja kwa moja kwenye RAV4. Nikampa tochi ya simu. Alitandika gazeti, akaingia chini na kanzu yake nyeupe, akagonga kwa ufunguo kama nilivyomwelekeza. Mlio ulikuwa butu, kisha kipande cha kutu, chepesi kama ganda la kitunguu, kikamwangukia kifuani. Chini ya Escudo, ambayo mwili wake umekaa juu ya chesisi yake peke yake, ufunguo ulilia.

Akatoka, akajipangusa, doa likazidi kuenea. Akaomba ufunguo wa Escudo, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akanyoosha mikono kuutafuta usukani.