Jumatano Moja na Shimo la Mchanga

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, walinena wahenga, nasi walimu tumeyarudia maneno hayo darasani hadi yakapauka. Wahenga hao hawakutuachia neno lolote, hata hivyo, juu ya mtu aliyevua nguo zake, akafika ukingoni mwa maji, kisha akaambiwa na mlinzi arudi Jumatano. Mtu huyo alikuwepo. Jina lake ni Sammy Lee, mpiga mbizi wa jukwaani, na leo nataka kuieleza habari yake kwa kirefu, maana naamini kwamba kila inaposimuliwa, husimuliwa kwa namna ya kutupumbaza.

Lee alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 mjini Fresno, katika jimbo la California nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Korea. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Los Angeles mwaka wa 1932, mtoto huyo alikuwa anatimiza umri wa miaka 12, na hapo ndipo alipojiapiza kwamba naye siku moja atakuwa bingwa. Baba yake hakumkataza, ila alimtaka kwanza awe daktari. Mwana akakubali yote mawili, jambo ambalo watoto wengi huahidi na wachache hulitimiza.

Kikwazo hakikuwa moyo wake. Kilikuwa bwawa. Katika bwawa la umma la Brookside, mjini Pasadena, watoto wasiokuwa Wazungu waliruhusiwa kuingia siku moja tu kwa juma, yaani Jumatano. Jioni ilipofika na watoto hao kuondoka, maji yalimwagwa na bwawa likajazwa upya, kana kwamba rangi ya ngozi ni wino unaoyeyuka. Hesabu hiyo, mwanafunzi, ifanye mwenyewe: siku moja kwa juma ni siku 52 kwa mwaka, ilhali washindani wake walikuwa na siku 365.

Siku zilizosalia zilijazwa na mtu mmoja, mkufunzi wake Jim Ryan. Ryan alichimba shimo uani kwake, akalijaza mchanga na kuweka ubao wa kurukia juu yake. Lee akawa anaruka, anajikunja na kupinduka hewani, kisha anatua mchangani kwa miguu. Mchanga si maji. Haumpokei mtu, wala haufichi kosa. Anayetua vibaya huambiwa papo hapo na magoti yake. Wapo wanaosema kwamba shimo hilo ndilo lililompa nguvu za miguu zilizomwinua juu kuliko wenzake. Yamkini ni kweli, lakini sidhani kwamba anayefukuzwa mezani anapaswa kumshukuru aliyemfukuza kwa kumfunza kufunga.

Nao ubaguzi haukuishia bwawani. Katika shule yake ya upili wanafunzi walimchagua kuwa kiongozi wao, lakini ulipofika usiku wa dansi ya kuagana, ukumbi wa Pasadena ulioandaliwa kwa shughuli hiyo haukuwapokea watu wa rangi yake. Kiongozi akabaki nje ya sherehe ya aliokuwa akiwaongoza.

Kwa vile mchezo wenyewe ni mgeni kwetu, naomba nisimame hapa kidogo. Jukwaa la juu kabisa lina urefu wa mita 10, sawa na paa la nyumba ya ghorofa tatu. Halinesi kama ubao ule mwingine wa mita 3. Ni sakafu ngumu tu, mbele yake hewa, chini yake maji. Kutoka unyayo uachapo jukwaa hadi vidole viguse maji hupita takriban sekunde moja na nusu, na mwili hufika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 50 kwa saa. Katika muda huo ambao mimi singemaliza kupiga chafya, mpiga mbizi hupiga vichwangomba kadhaa, hujinyoosha kama mkuki na kuingia majini wima bila kurusha maji. Waamuzi humpa alama kuanzia sifuri hadi kumi, alama za juu kabisa na za chini kabisa huondolewa, na zilizobaki huzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko aliouchagua. Kwa hiyo mwoga anayeruka kirahisi hawezi kushinda hata akiruka kwa unadhifu, naye shujaa asiye na nidhamu huanguka kifudifudi.

Lee alishinda ubingwa wa Marekani mwaka wa 1942. Olimpiki za 1940 na 1944 zilikwisha kufutwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hivyo miaka yake ya ujana kamili ikapita bila jukwaa la dunia. Hakukaa bure. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Southern California, akafuzu mwaka wa 1947. Mwaka uliofuata alifika London akiwa daktari wa miaka 28, akapata nishani ya shaba kwenye ubao wa mita 3 na dhahabu kwenye jukwaa la mita 10. Mruko wake wa mwisho ulikuwa wa kupinduka mbele mara tatu na nusu, ambao enzi hizo wachache walithubutu kuujaribu. Miaka minne baadaye, huko Helsinki, akatwaa tena dhahabu ya jukwaani, siku ile ile alipotimiza miaka 32. Hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu hiyo mara mbili mfululizo.

Ungedhani mlango sasa ungekuwa wazi. La hasha. Mwaka wa 1955, baada ya kuhudumu kama daktari wa jeshi la Marekani nchini Korea, Meja Sammy Lee alitaka kununua nyumba Garden Grove, California, akakataliwa kwa ajili ya asili yake. Magazeti yakapiga kelele na wakubwa wakaona haya, mwishowe akapata nyumba. Akafungua kliniki ya maradhi ya masikio, kazi inayomfaa mtu aliyejua maji yanavyoyatesa masikio, na baada ya saa za kazi akawa mkufunzi. Bob Webster, aliyeshinda dhahabu ya jukwaani mwaka wa 1960 na 1964, alipitia mikononi mwake. Greg Louganis aliishi nyumbani kwake, na mwaka wa 1976 akapata fedha huko Montreal akiwa na miaka 16. Lee alifariki Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 96.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Habari kama hii ikisomwa kwenye gwaride la Jumatatu, mwalimu humaliza kwa kusema penye nia pana njia, wanafunzi wakapiga makofi, basi. Lakini nani amewahesabu watoto wengine waliokuwa na Lee Jumatano zile? Bila shaka walikuwamo waliokuwa na nia kama yake au kumpita, ila hawakuwa na Ryan wala shimo. Hao hawana historia. Nia ilikuwa ya Lee. Njia ilichimbwa na mtu mzima kwa sepetu.

Ninaandika haya nikiwa Nyakoe, sokoni kando ya barabara itokayo Kisii kuelekea Kisumu. Kutoka hapa naona migomba, mashamba ya chai na vilima ambavyo mtoto hupanda na kushuka kila siku akienda shuleni. Vilima hivyo ni uwanja wa mazoezi usio na mlinzi langoni. Si ajabu basi kwamba nishani ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki, ile ya mita 10,000 mjini Mexico City mwaka wa 1968, ililetwa na Naftali Temu, mwana wa Gusii. Kukimbia kunahitaji barabara, na barabara ilikuwapo. Kupiga mbizi kunahitaji maji ya kina cha mita 5 na jukwaa juu yake; hayo hayapo, na Kenya haijawahi kupeleka mpiga mbizi hata mmoja katika Olimpiki. Mabwawa ya kiwango cha kimataifa yaliyojengwa Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 yako mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Mtu asinijibu kwamba Mwafrika si wa maji. Mwaka wa 2008 huko Beijing, Jason Dunford wa Kenya, mzaliwa wa Nairobi aliyekua karibu na bwawa, alifika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo na kumaliza wa tano. Na anayetilia shaka ujasiri wa vijana wetu na aende Forodhani, Unguja, jioni maji yakijaa, awatazame wanavyojirusha baharini kutoka ukutani kwa mapindu yao wanayoyaita makachu. Hakuna aliyewapa alama.

Nawasikia walimu wenzangu wakiguna. Shule yetu haina madawati ya kutosha, vyoo ni haba, na wewe watuletea habari za majukwaa ya mita 10? Mguno huo una haki yake. Mimi mwenyewe singemwomba waziri wala gavana jukwaa hata kama angekuwa mezani pangu akinywa chai. Lakini maji hayangoji bajeti. Mto Gucha, ambao majirani zetu huuita Kuja, unapita Gusii, na mvua za masika hujaza machimbo yaliyoachwa wazi baada ya udongo wa matofali kuchimbwa. Watoto huingia humo wakiwa peke yao, kwa siri, kwa sababu mtu mzima aliyewafunza kuelea hayupo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtaala wetu wa umilisi unataja kuogelea katika mazoezi ya mwili. Katika shule nyingi za huku somo hilo hufundishwa kwa chaki ubaoni.

Shimo la mchanga tunalo. Karibu kila shule ina mahali pa kurukia miruko ya mbali, ingawa aghalabu nyasi zimeota na mbuzi hulala humo. Mwalimu wa michezo anayejua kazi yake anaweza kulifukua, akaongeza mchanga na kufunza kutua kwa miguu, kuruka na kujikunja, mmoja baada ya mwingine, mkono wake ukiwa mgongoni mwa mtoto. Kichwangomba asikiruhusu mpaka awe amejifunza yeye mwenyewe jinsi ya kuilinda shingo.

Iliyobaki ni Jumatano. Zipo hoteli mjini Kisii zenye mabwawa, na katikati ya juma mengi kati ya hayo hulala tupu, wageni wakija Jumamosi na Jumapili. Kamati ya wazazi, mwalimu mkuu na afisa wa elimu wa wadi wanaweza kwenda pamoja kwa mwenye hoteli wakaomba alasiri moja, saa nane hadi saa kumi, kwa watoto 20 wa darasa la tano, pamoja na mwokoaji mmoja wa kulipwa. Mwenye hoteli atauliza juu ya usafi wa maji. Aambiwe kwamba watoto wataoga kwanza kwa sabuni, na kwamba wakishaondoka hakuna haja ya kuyamwaga.