Kikopo cha mafuta mu motere: kabla ya kutoa feza, tufungue kapo kwanza

Siku za malipo, wauzaji wanafika ku milango ya kampani na vikopo vya aliminiumu vyenye kung'aa. Wanasema kikopo kinapunguza esanse, kinaponyesha motere yenye kuvuta moshi, kinarefusha maisha ya motokari. Sisi wajumbe wa sendika, watumikaji wametuuliza mara mingi: ni kweli ao ni bongo? Jibu si ndiyo tupu wala hapana tupu. Linategemea aina ya motere, na linategemea mwenye motokari.

Kwetu motokari si pambo. Moja iliyonunuliwa na feza ya dekonti ya baba inafanya taksi na kulipa masomo ya watoto. Motere ikikufa, nyumba nzima inasimama. Ndiyo maana tunataka kupima neno hili polepole.

Gazi inatoka wapi

Mu motere, moto unawaka juu ya pistoni. Segma zinafunga nafasi kati ya pistoni na silinda, lakini hazifungi yote. Kila mara gazi kidogo inapita pembeni na kushuka mu kartere, kule mafuta yanakaa. Hata motere mupya iko vile. Ile gazi ikikosa njia ya kutoka, presha inapanda na kusukuma mafuta yapite ku mipira yenye kuyazuia.

Zamani, bomba moja ilikuwa inaitupa chini ya motokari, mu barabara. Kule Marekani, jimbo la California lilianza kulazimisha njia ingine kwa motokari mpya mu miaka ya 1960: gazi irudishwe mu njia ya hewa, motere iichome tena. Leo motokari karibu zote ziko vile. Ni vizuri kwa hewa tunayovuta. Lakini ile gazi inabeba matone madogo ya mafuta, na maji pia. Yanapaka tiyo, yanapaka turbo, yanafika mpaka ku supape.

Kikopo kinawekwa katikati ya ile njia. Gazi inaingia, inapoa, inagonga vizuizi vya ndani, mafuta yanabaki chini, gazi inaendelea safari. Ni hiyo tu. Haina siri ingine.

Motere gani inafaidika

Tuanze na Toyota IST, Vitz na Probox za esanse ambazo zimejaa mu miji yetu. Wengi wao wanatembea na motere ya 1NZ-FE, litre 1,5. Mu motere hii esanse inarushwa mbele ya supape ya kuingiza, na inaisafisha kila wakati. Mafuta kidogo yakipita, hayana mahali pa kugandamana. Kwa motere hii ikiwa nzima, kikopo kinafanya kazi ndogo sana.

Iko tofauti kwa motere yenye kurusha esanse moja kwa moja mu silinda, sawa vile 1AZ-FSE ya Noah zingine za kuanzia mwaka 2001. Pale supape haioshwi na kitu. Mafuta yanaungua juu yake na kufanya makaa meusi, motere inatetemeka ikisimama, nguvu inapungua. Wajenzi wenyewe waliona shida hii: mwaka 2005 Toyota ilileta motere yenye kurusha esanse kwa njia mbili, mu silinda na mbele ya supape. Mwenye motere ya aina ya 1AZ-FSE anaweza kufaidika na kikopo kizuri. Lakini makaa yaliyokwisha kushika hayatatoka kwa kikopo. Yanatoka kwa kufungua na kusafisha.

Aina ya tatu ni mazutu yenye turbo, sawa vile Hilux D-4D. Motere hii inarudisha pia sehemu ya moshi wa eshapema mu njia ya kuingiza hewa. Masizi ya moshi yakikutana na mafuta, yanafanya tope nzito, njia ya hewa inakuwa nyembamba. Kikopo kinapunguza mafuta ya ile tope, hakiondoi masizi. Land Cruiser ya 1HZ, litre 4,2 bila turbo, haina shida hiyo kwa kiasi hicho.

Upande wa hasara

Hasara ya kwanza: kikopo kinaomba mtumishi. Kinapashwa kufunguliwa na kumwangwa. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, kwa motokari yenye kutembea paka safari fupi kutoka cité mpaka kazini, kinajaa maji upesi, na ndani mutaona kitu cheupe sawa maziwa. Kikijaa na mwenyewe amesahau, mafuta yote yanaweza kuvutwa mu motere mara moja. Kwa mazutu ile ni hatari kubwa: motere inaweza kukimbia yenyewe kwa kuchoma mafuta yake, hata funguo imetolewa.

Ya pili: vikopo vingi vya bei ndogo ni boksi tupu. Ndani hakuna vizuizi wala chujio. Gazi inaingia na kutoka na mafuta yake. Kabla ya kulipa, lomba kifungue. Ukiona utupu, mrudishie mwenyewe.

Ya tatu: tiyo. Fundi akiweka tiyo ya maji ya bustani, joto na mafuta vinaipasua. Motere ya esanse inaanza kuvuta hewa isiyopimwa, inapanda na kushuka ikisimama. Tiyo ikijikunja ao kuziba, presha inabaki mu kartere na mafuta yanaanza kuvuja mahali palipokuwa pakavu.

Ya ine: kuna mafundi wanaacha kikopo wazi, gazi inatoka inje. Harufu inaingia mu motokari, na wenye kuivuta ni watoto wanaokaa nyuma. Tunakataa njia hiyo.

Kikopo hakiponyi segma

Bongo kubwa ya wauzaji iko hapa. Motere yenye kuvuta moshi wa bluu na kula mafuta, mara mingi segma zake zimechoka. Kikopo kitakamata mafuta yenye kupita juu, lakini segma zitaendelea kuisha. Kikopo chenye kujaa haraka bila kuwa na maji mingi kinakuambia motere ni mugonjwa.

Kuna namna ya kuangalia bila kulipa. Motere ikiwa moto na inazunguka polepole, fungua kifuniko cha kumwangia mafuta, kwa uangalifu. Moshi kidogo si shida. Ukisukumwa kwa nguvu, puf-puf, peleka motokari wapime kompresyo.

Na kitu gani kinamaliza segma zetu? Vumbi. Wakati wa kipwa, ku barabara za udongo zenye kupitisha malori, filitre ya hewa iliyopasuka inaingiza mchanga mpaka mu silinda. Mafuta ya zamani yanamalizia kazi.

Chini ya udongo, ni neno la mapafu

Mashine za mazutu zenye kutumika mu galeri ziko na kartere pia, na zingine zinatoa gazi yake palepale tunapovutia pumzi. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao Lyon, lilitangaza kwamba moshi wa motere ya mazutu unaleta kansa ya mapafu. Uchunguzi mmoja uliosaidia kufikia neno hilo ulifuata watumikaji wa migodi zaidi ya 12.000 wa Marekani. Moshi wa eshapema ndio adui wa kwanza, lakini gazi ya kartere inaongezea. Wajumbe, mu komite ya usalama, tulombe kuona daftari: filitre ya kartere ya kila mashine ilibadilishwa siku gani? Pale chini, chombo hiki si cha kuchagua.

Hesabu ya nyumba

Kwa motokari ya familia, shauri letu linafuata mpangilio huu. Kwanza filitre ya hewa iliyo nzima. Pili mafuta mazuri, kutoka bidoni iliyofungwa, na kuyabadilisha pamoja na filitre yake kila kilometre 5.000. Tatu kupima mafuta ku joji kila juma na kuandika. Feza ikibaki, na motere ikiwa ya aina tulizotaja, nunua kikopo chenye vizuizi, chenye kurudisha gazi mu motere, na tiyo ya kuvumilia mafuta. Ukifungue kila mara unapopima mafuta.

Na ile takataka ya ndani, ina mafuta, maji na esanse. Musiimwange mu lupango karibu na kisima. Wekeni mu bidoni ya mafuta machafu ku garaji.