Kuzima taa, kufuta msimbo, kuweka upya kompyuta: vitenzi vitatu vya gari la kisasa

Vijitabu vya maelezo ya magari vinavyoletwa kwa watafsiri hutumia mara nyingi neno moja la Kiingereza kwa matendo matatu yaliyo mbalimbali: kuifanya taa ya onyo isiwake, kuondoa kumbukumbu ya hitilafu iliyoandikwa na kompyuta, na kuirejesha kompyuta yenyewe katika hali ya mwanzo. Kiswahili kina vitenzi vinavyoweza kuyatenga matendo hayo, navyo ni kuzima, kufuta na kuweka upya. Mwandishi akivichanganya, msomaji aliyeshika spana mkononi anaweza kuamini kwamba gari limetengenezwa, hali ya kuwa limenyamazishwa tu. Makala haya yanaeleza kinachotendeka ndani ya gari, kisha yanaonyesha neno linalofaa katika kila hatua.

Kompyuta ya injini na kazi yake

Injini ya petroli au ya dizeli ya siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo. Katika maandishi rasmi huitwa kompyuta ya injini. Mafundi wengi wa Tanzania huiita kontroli boksi, na neno hilo linafaa kuingia katika kamusi kwa kuwa ndilo msomaji atakalolisikia gereji. Kompyuta hiyo hupokea vipimo kutoka kwa vihisi, ambavyo gereji huitwa sensa: joto la maji ya injini, kiasi cha hewa kinachoingia, kasi ya mzunguko wa injini, na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kwa vipimo hivyo huamua mafuta yanyunyizwe kwa muda gani na, kwa injini ya petroli, cheche ya plagi itoke wakati gani.

Kipimo kikitoka nje ya mipaka inayokubalika, kompyuta hufanya mambo mawili. Huandika msimbo wa hitilafu katika kumbukumbu yake, na huwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mambo hayo hayatokei sikuzote kwa wakati mmoja: hitilafu nyingi huandikwa kwanza kama msimbo unaosubiri, na taa huwaka hitilafu hiyo ikijirudia katika safari inayofuata. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na msimbo bila taa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutotumia kuzima na kufuta kana kwamba ni visawe.

Kuwaka, na kuwaka kwa kupepesa

Rangi ya taa ni sehemu ya ujumbe. Nyekundu ni amri ya kusimama: taa nyekundu ya shinikizo la oili au ya joto la injini humtaka dereva aegeshe mahali salama na kuzima injini, maana dakika chache za kuendelea zinaweza kuiharibu kabisa. Ya manjano au ya rangi ya machungwa ni tahadhari: gari linaweza kwenda, lakini linahitaji kupimwa. Ya kijani au ya buluu kwa kawaida ni taarifa tu, kama ile ya taa kubwa za mbele. Kwa sababu hiyo inafaa kutofautisha taa ya hatari, taa ya tahadhari na taa ya taarifa, badala ya kuziita zote taa za onyo.

Tofauti nyingine hupotea kwa urahisi zaidi. Taa ya injini inaweza kuwaka moja kwa moja, au kuwaka na kuzimika kwa kurudiarudia. Hali ya pili humaanisha kwamba silinda moja au zaidi zinakosa kuwaka kwa kiwango cha kudhuru. Mafuta yasiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, ambacho mafundi hukiita masega, nacho hupata joto la kukiyeyusha. Dereva anapaswa kupunguza mwendo mara moja na kusimama panapofaa.

Mfano usiofaa: “Taa ya injini ikiwaka, peleka gari kwa fundi.”
Mfano unaofaa: “Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, peleka gari kwa fundi mapema. Ikipepesa, punguza mwendo, simama mahali salama, uzime injini.”

Sentensi ya kwanza si kosa la sarufi, lakini imefuta tofauti ambayo mtengenezaji aliiweka makusudi.

Msimbo hutaja dalili

Magari mepesi yote yaliyouzwa Marekani tangu modeli ya mwaka 1996 yana mfumo wa pamoja wa kujipima, OBD-II. Ulaya iliweka sharti linalofanana kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Katika mfumo huo msimbo huwa na herufi moja na tarakimu nne. P ni ya injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, B ni ya bodi, C ni ya chasisi, na U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta za gari.

Msimbo P0301 husema silinda ya kwanza inakosa kuwaka. P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta yake. P0420 husema kichujio cha moshi hakifanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaotaja kifaa cha kununua. P0171 inaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka au kihisi cha hewa kilichochafuka. P0301 inaweza kuwa ya plagi, koili, nozeli au upungufu wa mgandamizo katika silinda. Kwa hiyo mtafsiri asiandike “P0171: sensa ya oksijeni imekufa”, aandike “P0171: mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa”. Tafsiri ya kwanza inaweza kumgharimu mwenye gari fedha za kifaa kisicho na kosa.

Imezimika au imezimwa?

Hapa mnyambuliko wa kitenzi hubeba uzito wote. Taa imezimika ni kauli ya kutendeka: hali imetokea, wala mtendaji hatajwi. Taa imezimwa ni kauli ya kutendwa: kuna mtu aliyeizima, hata asipotajwa jina.

Taa ya injini huweza kuzimika yenyewe. Katika mfumo wa OBD-II, kompyuta huizima baada ya safari tatu mfululizo ambazo imepima na kutoona hitilafu ile tena. Msimbo wenyewe hubaki katika kumbukumbu kwa muda mrefu zaidi, na kwa kawaida hufutika baada ya injini kupoa na kupata joto mara 40 bila kosa kurudi. Taa iliyozimika kwa njia hiyo ni ushahidi wa kiasi fulani kwamba kasoro imeondoka. Taa iliyozimwa kwa kifaa haithibitishi lolote isipokuwa kwamba kuna aliyeizima.

Tofauti hiyo ina thamani kubwa katika Afrika Mashariki, ambako magari mengi hununuliwa yakiwa yametumika. Muuzaji anayeandika “taa ya injini ilizimika” na yule anayeandika “taa ya injini ilizimwa” wanatoa taarifa mbili tofauti, na mtafsiri wa hati ya mauzo hana ruhusa ya kubadilisha moja iwe nyingine. Mnunuzi naye ana njia ya kuhakiki. Misimbo inapofutwa, vipimo vya utayari, yaani orodha ya majaribio ambayo kompyuta huyafanya gari likiwa safarini, hurudi katika hali ya kutokamilika. Kisomaji cha misimbo kikionyesha kwamba hakuna hitilafu lakini vipimo vingi havijakamilika, kumbukumbu huenda imefutwa karibuni, au betri imefunguliwa. Katika majimbo ya Marekani yenye ukaguzi wa moshi, gari la namna hiyo huweza kukataliwa hata kama taa haiwaki.

Kitenzi futika pia kina maana ya uwezekano, nayo hufaa hapa. Katika magari ya soko la Marekani, kuanzia yale ya modeli ya mwaka 2010, uliingizwa mpango wa misimbo ya kudumu. Misimbo hiyo haifutiki kwa kisomaji wala kwa kufungua betri. Huondolewa na kompyuta yenyewe baada ya kupima na kuridhika. Kuandika “haijafutwa” mahali pa “haifutiki” ni kumfanya msomaji ajaribu tena na tena jambo lisilowezekana.

Hatua za nyumbani na maneno yake

Njia iliyo salama zaidi ni kisomaji cha misimbo. Soketi yake ina pini 16 na huwa chini ya dashibodi, upande wa dereva. Maelezo yanaweza kuandikwa hivi:

1. Zima injini, kisha chomeka kisomaji.
2. Washa swichi, lakini usiwashe injini.
3. Soma misimbo na uiandike yote kabla ya kugusa kitufe kingine.
4. Rekebisha chanzo cha hitilafu.
5. Futa misimbo, kisha endesha gari na usome tena.

Hatua ya pili ndiyo inayokosewa zaidi. Kuwasha gari katika mazungumzo humaanisha kuifanya injini iunguruma. Kijitabu kikimtaka mtu ageuze ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake tu, maneno “washa gari” yatamfanya aendelee hadi mwisho. “Washa swichi bila kuwasha injini” ni ndefu zaidi, lakini haina utata. Hatua ya tatu nayo haipaswi kurukwa: kufuta huondoa pia picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipoonekana, na fundi huihitaji.

Njia ya pili, inayotumika hasa kwa magari ya zamani, ni kufungua betri. Zima injini na utoe ufunguo. Ikiwa redio ina namba ya siri, hakikisha unayo. Legeza nati ya ncha hasi kwanza, mara nyingi kwa spana namba 10, uiondoe na usubiri dakika 15 hadi 30. Ukifunga, ncha hasi iwe ya mwisho ikiwa umefungua zote mbili. Mpangilio huo una sababu: bodi la gari limeunganishwa na upande hasi, hivyo spana iliyo kwenye ncha chanya ikigusa bodi wakati upande hasi bado umefungwa, hutokea shoti na cheche kubwa. Kwa hiyo viunganishi “kwanza”, “kisha” na “mwishoni” visipunguzwe kwa ajili ya mtindo.

Hapa ndipo kuweka upya kunapostahili jina lake. Pamoja na misimbo, gari hupoteza mambo ambayo kompyuta ilijifunza: marekebisho ya mafuta, mwendo wa injini gari likiwa limesimama na, katika magari mengi, namna ya kubadili gia. Saa hurudi mwanzo, na vioo vya umeme huweza kuhitaji kupangwa upya. Injini ikitikisika kidogo katika safari za kwanza, si lazima iwe hitilafu mpya. Kompyuta inajifunza tena.

Njia hii haifai kwa taa ya mifuko ya hewa wala ya breki za ABS. Kwa kawaida misimbo yake hukaa katika kumbukumbu isiyotegemea umeme wa betri, na mifuko ya hewa huweza kujeruhi ikichokolewa na asiye fundi. Kwa magari ya mseto, waya nene za rangi ya machungwa hubeba umeme mkubwa na haziguswi nyumbani.

Taa ya huduma ni jambo jingine

Taa inayokumbusha kubadilisha oili haitangazi kasoro. Huhesabu kilomita au muda, kisha huwaka. Baada ya oili kubadilishwa, hesabu hurudishwa sifuri. Katika magari mengi ya Toyota hufanywa kwa kushikilia kitufe cha kilomita za safari huku swichi ikiwashwa. Kwa tendo hili maneno “rudisha hesabu ya huduma” ni bora kuliko “futa hitilafu”, kwa kuwa hapakuwa na hitilafu.

Muhtasari wa matumizi

Taa huzimwa au huzimika. Msimbo hufutwa, hufutika au haufutiki. Kompyuta huwekwa upya. Hesabu ya huduma hurudishwa. Hitilafu peke yake ndiyo inayorekebishwa, na hakuna kati ya vitenzi vinne vya mwanzo kinachoweza kusimama badala ya hicho cha mwisho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwandishi wa maelezo ya gari hulinda dhidi ya hilo kwa kuhakikisha kwamba neno rekebisha linatangulia neno futa katika kila orodha ya hatua anayoiandika.