Radio: Albamu Iliyojengwa kwa Kupunguza

Wanaoisifu Radio, albamu ya kwanza ya LL Cool J, huanza na umri wake. Rapa huyo, kwa jina halisi James Todd Smith, aliyelelewa Queens, New York, alikuwa na miaka 17 tu ilipotoka Novemba 1985, ikiwa albamu kamili ya kwanza ya kampuni ya Def Jam. Umri huo unashangaza kweli, ila hautoshi kueleza kwa nini kazi hiyo bado ina nguvu masikioni. Nguvu hiyo naiona katika vitu ambavyo havimo ndani yake.

Tuangalie kilichotangulia. “Rapper's Delight” ya Sugarhill Gang, mwaka 1979, ilikuwa na toleo refu la karibu dakika 15, na mdundo wake ni “Good Times” ya Chic iliyopigwa upya studioni. Mwaka uliofuata rapa Kurtis Blow alitoa albamu yake ya kwanza kupitia Mercury, kampuni kubwa. Humo mna bendi, mna wimbo wa mapenzi wa kuimbwa, mna hata wimbo wa roki wa Bachman-Turner Overdrive ya Kanada. Wimbo wake “The Breaks” bado unainua watu vitini, lakini ukiisikiliza albamu nzima unamkuta rapa akiwa mgeni katika muziki wa wengine. Kwenye sherehe za Bronx, ambako hip-hop ilizaliwa, mambo hayakuwa hivyo: DJ alirudiarudia kipande kifupi cha ngoma kwa santuri mbili, na MC akasimama juu yake na kipaza sauti.

Radio iliurudisha ukavu huo wa ngoma na sauti pekee. Rick Rubin, aliyeanzisha Def Jam akiishi katika bweni la Chuo Kikuu cha New York, aliandikwa kwenye jalada kuwa ndiye “aliyeipunguza” albamu, mahali ambapo wengine huandikwa kuwa watayarishaji, na kazi yenyewe inathibitisha. Sikiliza “Rock the Bells”: mashine ya midundo inagonga, Cut Creator, DJ wa LL, anakwaruza santuri, gitaa la umeme linachoma mara moja na kukatika, na kengele zilizotajwa kwenye jina la wimbo hazisikiki kamwe. Hakuna kinanda cha kuziba mapengo. Rapa akichelewa nusu pigo, kosa liko peupe. LL anajaza nafasi kwa sauti yenyewe; anafoka, anashusha, anaminya silabi ya mwisho hadi igongane na ngoma. Rubin naye aliyapanga majigambo ya LL kwa beti na viitikio, yakawa nyimbo zenye mwanzo na mwisho.

Atatokea wa kusema kwamba kundi la Run-D.M.C. walishafanya hivyo, na ana haki: “Sucker M.C.'s” ya 1983 ni ngoma na mistari, basi. Lakini kule marapa ni wawili, wanapokezana na kusaidiana, na albamu yao ya 1984 inaegemea pia gitaa zito la “Rock Box”. LL yuko peke yake. Hoja nzito zaidi ni ile inayompa Rubin sifa zote. Anayeishikilia azisikilize “I Can Give You More” na “I Want You”, ambamo rapa anambembeleza msichana bila kufoka, juu ya midundo iliyo mikavu vilevile. Hapo mtayarishaji hana pa kumficha mtu wake, na nyimbo hazianguki. “Dear Yvette”, kwa upande mwingine, imezeeka vibaya. Kumdhalilisha msichana kwa beti nzima si ujasiri, na ustadi wa sauti hauiokoi.

Pingamizi la mwisho ni la mistari. Rapa Rakim alipotokea na albamu ya Paid in Full mwaka 1987, vina vyake vya ndani ya mstari vilifanya vya LL vionekane vyepesi, na kwenye karatasi ulinganisho huo hauna ubishi. Lakini Rakim aliweza kuzungumza kwa utulivu, bila kupaza sauti, kwa watu ambao tayari walishazoea kumfuata mtu mmoja neno kwa neno juu ya ngoma tupu. Katika kuwazoesha watu usikivu huo, sioni albamu ya miaka ile iliyofanya kazi kubwa kuliko Radio.