Rubani mkongwe hana budi kurudi darasani

Mtu aliyebobea katika kazi yake huona uzito kuambiwa akae tena kwenye dawati la mwanafunzi. Uzito huo humpata mwalimu, humpata daktari, humpata fundi. Lakini unapompata rubani, gharama yake huweza kuwa roho za watu, wakiwamo wasiopanda ndege yenyewe.

Nayasema haya kwa ajili ya zile ndege ndogo za jeti zilizobuniwa ziweze kurushwa na rubani mmoja, aghalabu mwenye mali mwenyewe. Eclipse 500 na Cessna Citation Mustang ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006. Phenom 100 iliyoundwa na Embraer ya Brazil ikafuata mwaka 2008, na Cirrus Vision Jet, yenye injini moja tu, mwaka 2016. Wengi wa wanaozinunua wamezoea ndege za rafadha, yaani zile zenye panga linalozunguka. Je, mazoea yao huwafaa au huwaponza?

Tuanze na mwendo. Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanzia, wakiwamo wa uwanja wa Wilson jijini Nairobi, huenda kilomita 220 hivi kwa saa. Jeti hizi ndogo huweza kupita kilomita 500. Kwa dakika moja ya kwanza haijatimiza kilomita nne, ilhali ya pili imekwisha kupita nane. Isitoshe, rubani wa rafadha akipunguza moto, panga lile humsaidia kama breki. Jeti haina breki hiyo. Huteleza tu angani. Nayo injini yake, ikiisha kutulizwa, huchukua muda kupata nguvu upya. Basi anayengoja mpaka auone uwanja ndipo aanze kujiandaa kutua, huyo amekwisha kuchelewa. Akili ya rubani wa jeti sharti iitangulie ndege yake.

Jambo la pili ni utaratibu. Tarehe 8 Desemba 2014, ndege aina ya Phenom 100 ilianguka mjini Gaithersburg, jimbo la Maryland, ikikaribia kutua. Watu watatu waliokuwa ndani walikufa, pamoja na mama na wanawe wawili wadogo waliokuwa nyumbani kwao. Rubani hakuwa mgeni wa anga. Alikuwa na zaidi ya saa 4,000 za kuruka, ingawa alizoruka katika aina ile ya ndege zilikuwa sehemu ndogo tu. Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kuwa alipita katika hali ya barafu bila kuwasha mitambo ya kuikinga ndege, tena akakaribia kutua kwa mwendo usiolingana na hali ile. Barafu iliganda, mabawa yakashindwa kuibeba ndege.

Hapo pana fundisho kubwa. Katika ndege ile, mitambo ya barafu ikiwashwa, king'ora cha hatari hurekebishwa kilie mapema, mwendo ukiwa bado wa juu. Asiyeiwasha amejinyima kinga, na amejinyima onyo pia. Ndiyo maana orodha ya ukaguzi haina budi kusomwa neno kwa neno kila safari, hata na aliyeihifadhi kwa moyo.

Tatu ni hesabu. Jeti huhitaji njia ndefu ya kurukia na kutulia, na hitaji hilo huongezeka mahali palipoinuka, penye hewa nyepesi. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mwenye kuzoea viwanja vya pwani asidhani vipimo vya huko vitamfaa Nairobi adhuhuri ya jua kali. Tena jeti inayoruka chini hunywa mafuta kupita kiasi. Kuteremka mapema mno ni kujipunguzia akiba.

Sheria za Marekani humtaka kila rubani wa jeti apate idhini mahsusi kwa aina ya ndege yake. Hilo ni jema, lakini cheti ni mwanzo tu. Rubani mpya na aruke kwanza na mwenzake aliyekomaa katika ndege ile ile, kwa miezi, si kwa siku mbili. Juni 2008, marubani wawili wa Eclipse 500 walikuwa wakitua Midway, Chicago, injini zote mbili ziliponasa katika nguvu ya juu kabisa. Kitabu cha dharura hakikuwa na maelekezo ya janga la namna hiyo. Walilazimika kuizima injini moja, na ile ya pili nayo ikagoma kuitikia. Hata hivyo walitua, na hakuna aliyejeruhiwa. Lau mmoja angekuwa peke yake, nani angeishika ndege na nani angesoma kitabu?

Neno la mwisho ni kwa wakufunzi. Anayenunua jeti ni mtu mwenye uwezo, aliyezoea kuamuru na kutiiwa, na ndiye anayemlipa mwalimu wake. Ni vigumu kumwambia mtu kama huyo kwamba hajaiva. Lakini mkufunzi anayetia sahihi kwa kuona haya hamtendei hisani mwanafunzi wake, seuze familia iliyoketi nyumbani chini ya njia ya ndege. Ikiwa mwanafunzi bado, na aambiwe bado. Naye, hata awe na saa elfu ngapi, arudi darasani siku ya pili.