Kosa la Pili ni Kuficha

MPIRA NA HAKI: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliishia kwenye uwanja wa vumbi wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, saa kumi na moja jioni, tukimtazama kijana wa miaka kumi na miwili aliyebeba njumu ndani ya mfuko wa plastiki. Njumu zenyewe ni za kocha. Nauli ya kurudi nyumbani inatoka kwa kocha. Siku timu kubwa itakapokuja kuchagua vijana, kocha ndiye atakayeandika majina. Tukasema kwamba aliyeshika vitu hivyo vitatu amemshika mtoto mzima.

Tangu hapo baba mmoja amenisimamisha njiani. Akaniuliza: "Mwalimu, kocha akimharibu mtoto, mwenye kosa si kocha? Timu imekosa nini?" Swali lake ndilo makala ya leo, na jibu lake naanza kulitafuta mbali, kisha nirudi nalo Lubumbashi.

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, timu kubwa ya vijana ni mali ya chuo kikuu. Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa kukumbatia mpira mkononi na kugongana vifua. Fikiria chuo kikuu chetu, UNILU, kingekuwa ndicho chenye timu ya Mazembe: rekta yuko juu ya kocha kwenye karatasi, lakini mji mzima unamjua kocha, na rekta wanamjua wachache. Ndivyo ilivyokuwa katika chuo cha Penn State. Uwanja wa chuo hicho huingiza zaidi ya watu 100,000, wakati ule wa Mazembe pale Kamalondo huingiza wapatao 18,500. Joe Paterno alikuwa kocha mkuu tangu 1966, na sanamu yake ya shaba ilisimamishwa nje ya uwanja angali hai.

Msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alikuwa ameanzisha mwaka 1977 shirika la kusaidia watoto wa familia zenye shida. Humo ndimo alimopata watoto wa kuwaharibu. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kwamba mwanawe ameoga pamoja na mtu huyo katika bafu la timu. Polisi wakachunguza, na faili likafungwa bila mashtaka. Mwaka uliofuata Sandusky alistaafu, lakini akaachiwa ofisi na ruhusa ya kuingia majengo ya timu kama zamani. Usiku mmoja wa Februari 2001, kocha kijana alimkuta bafuni na mtoto. Asubuhi akaenda nyumbani kwa Paterno kumweleza. Paterno akampasha mkuu wa michezo, naye akakaa na mkuu wa fedha, na jambo likamfikia rais wa chuo, Graham Spanier.

Hapa tusimame kidogo. Mpango wao wa kwanza ulikuwa kuiarifu idara ya serikali inayolinda watoto. Zikapita siku chache, mkuu wa michezo akaandika kwamba amefikiri upya, na pia amezungumza na Paterno: afadhali waongee kwanza na Sandusky mwenyewe. Rais akakubali, akaiona njia hiyo kuwa ya kiutu. Sandusky akaambiwa asilete tena watoto kwenye majengo ya chuo. Idara ya serikali haikuarifiwa.

Hakukuwa na bahasha ya hongo wala karatasi iliyochomwa moto. Kila mmoja alimpasha mkubwa wake, akajiona amemaliza kazi. Utu waliufikiria kwa ajili ya mwenzao. Yule mtoto wa bafuni hawakumtafuta hata kujua jina lake. Kuficha, mara nyingi, hakuna sura ya uhalifu. Kuna sura ya kikao, chenye viti, adabu, na mtu mzima mmoja anayesema, "Jambo hili tulimalize ndani ya nyumba."

Miaka kumi ikapita. Novemba 2011 Sandusky alikamatwa, na Juni 2012 akapatikana na hatia ya makosa 45 dhidi ya wavulana 10. Akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Kati ya makosa hayo yamo yaliyotendwa baada ya kile kikao cha 2001, na hayo ndiyo yaliyoachwa nje na swali la baba yule. Kosa la kwanza lilikuwa la mtu mmoja. Yaliyofuata yalipita mlango ambao nyumba nzima iliuacha wazi.

Adhabu zikaanza kushuka. Paterno alifukuzwa kazi, na wanafunzi wakaingia barabarani kwa hasira, wakapindua gari la televisheni. Walikuwa wanamlilia kocha. Januari 2012 akafariki. Julai mwaka huo NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kilitoa hukumu: faini ya dola milioni 60, miaka minne bila michezo ya fainali za mwisho wa msimu, nafasi za wachezaji wanaosomeshwa bure zipunguzwe, na ushindi wote wa kuanzia 1998 hadi 2011 ufutwe vitabuni.

Ulimwengu ulipiga makofi. Mimi naipima hukumu hiyo kipande kwa kipande. Faini ilikuwa na maana, kwa sababu ilikwenda kwenye kazi ya kuwalinda watoto. Lakini kijana aliyenyimwa nafasi ya kusomeshwa mwaka 2013 alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 2001. Alificha nini? Na kufuta ushindi ni kuufukuza moshi huku moto ukiachwa. Haikuchukua muda, adhabu za uwanjani zikaondolewa kabla ya wakati wake, na mwanzoni mwa 2015 ushindi ukarudishwa vitabuni.

Kilichobaki ni vitu viwili. Cha kwanza ni pesa kwa waathiriwa: chuo kimewalipa zaidi ya dola milioni 100. Cha pili ni mahakama: mwaka 2017 mkuu wa michezo na mkuu wa fedha walikiri kosa la kuhatarisha watoto, rais wa chuo akatiwa hatiani kwa kosa hilo hilo, na wote watatu walilala jela. Muda waliokaa jela ulikuwa mfupi, haukufika hata miezi sita. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila rais wa chuo Marekani anajua kwamba kikao cha adabu kinaweza kumfungulia mlango wa gereza.

Sasa turudi nyumbani. Wana Lubumbashi mnakumbuka 2011. Mazembe, bingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, alikuwa ameitoa Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa. Simba wakalalamika kuhusu karatasi za Janvier Besala Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunis: hakustahili kucheza. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaiondoa Mazembe nzima mashindanoni, sisi Badiangwena, watu wa Mazembe, tukakaa nyumbani, na Simba ikapelekwa Cairo kucheza na Wydad, ikafungwa. Hasira ya Kamalondo ilikuwa kubwa, lakini hata mtoto wa mtaani alielewa kanuni: karatasi ya mchezaji mmoja ikiwa na kasoro, klabu yote inalipa.

Nauliza basi: kama mpira unajua kuiadhibu klabu kwa sababu ya karatasi, unashindwaje kuiadhibu kwa sababu ya mtoto? FIFA ilimfungia maisha Keramuddin Karim, rais wa shirikisho la Afghanistan, mwaka 2019, ikamtoza faranga milioni moja za Uswisi kwa kuwadhulumu kingono wachezaji wa timu ya wanawake. Ni hukumu nzito, ila ni ya mtu mmoja. Gabon, mwishoni mwa 2021, kocha wa vijana Patrick Assoumou Eyi alikamatwa kwa madai ya kuwanajisi wachezaji wake, na mwaka uliofuata rais wa shirikisho akawekwa mahabusu miezi kadhaa akituhumiwa kutotoa taarifa, jambo alilolikana. Hata hapo, swali la kujua na kunyamaza lilimfikia rais huyo kwa mkono wa dola.

Mji huu unajua kuficha kunaacha nini. Usiku wa kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walivamiwa kwenye kampasi ya UNILU. Serikali ya Mobutu ilikanusha, kisha ikakubali mtu mmoja tu kufa. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa na ushirikiano ukakatika, lakini idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Familia zilinyimwa hata hesabu ya marehemu wao. Mwenye kuficha anachukua kitu cha pili juu ya kile cha kwanza.

Kongo haikosi sheria. Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 inasema cheo cha mtu hakimwondolei kosa la ukatili wa kingono, wala amri ya mkubwa haimkingi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18. Na kanuni ya adhabu inamwadhibu anayejizuia kumsaidia aliye hatarini. Kinachotushinda ni ule mpatano wa pembeni: wazee wanakaa, familia inapewa pesa kidogo au mbuzi, kocha anahamia timu ya Katuba au Ruashi, na mfuko wa njumu anahama nao.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba yule lina sehemu tatu. Taarifa isipande ngazi ya klabu. Itoke nje siku ile ile, iende kwa polisi au parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, hata kama rais wa klabu ni rafiki yako. Adhabu imtafute aliyejua akanyamaza, kiti kwa kiti, kuanzia mtunza vifaa hadi rais, wala isiwaangukie vijana waliokuja baadaye. Na klabu ilipe, pesa ziende kwa mtoto na matibabu yake, kabla ya kununua mchezaji mwingine.

Kocha alimharibu mtoto siku moja. Timu ilikosa kila asubuhi iliyoamka ikijua, ikamfungulia geti akaingia mazoezini.

Wiki ijayo: mkataba wa mchezaji mdogo, na maswali ambayo mzazi aulize kabla ya kuweka sahihi.